Tumbawe la Posa

Mwalimu Hezekia alikuwa amepiga magoti nyumbani kwa Bibi Secilia, pampu ya baiskeli mkononi, akikipulizia hewa kitu ambacho moyo wake ulitamani kife.

"Polepole, mwalimu!" Bibi alifoka. "Hilo si tairi!"

Raheli, mjukuu wa Bibi, akaangua kicheko mpaka kanga ikamponyoka begani. Hezekia naye akacheka, kisha akakumbuka kwamba hana la kuchekea.

Kitu chenyewe kilikuwa tumbawe laini la baharini, umbo la uyoga, limeng'ang'ania jiwe lake ndani ya sanduku la kioo. Lilipanda milima kwa gari la abiria, pamoja na madumu ya maji ya bahari. Mwenye kulileta alikuwa Kristofa, karani wa bandarini Tanga, na hiyo ndiyo zawadi yake ya kumposa Raheli. Wenzake huleta blanketi na jembe. Yeye alitaka kijiji kizima cha Mgwashi kijue kuwa ni mtu wa pwani. Baba yake Raheli akapokea papo hapo, bila kumwuliza mtu. Wiki chache tu, uyoga ukanywea kama titi la kikongwe. Bibi mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.

Na Jumamosi washenga walikuwa wanakuja kupanga siku ya arusi.

"Likitufia kabla hawajafika," alisema Bibi, "sina la kuwaambia."

"Lisife, mwalimu," Raheli akamsihi, macho mekundu. "Likifa, basi tena mimi."

Hezekia aliyameza maneno hayo kama kwinini. Alikuwa mgeni, ameletwa na kazi kutoka Singida, na tangu amwone Raheli akiimba kwenye kwaya, hakusikia tena baridi ya milima ile. Hakumwambia mtu. Aliitwa pale kwa sababu alifundisha sayansi, basi. Likifa, aliwaza, posa nayo imekufa. Hata kidole asingeinua. Angetikisa kichwa tu, aseme, "Pole, Bibi."

"Maji yakipungua mnafanyaje?" akauliza.

"Tunaongeza, mwanangu, na chumvi viganja viwili. Si mtoto wa bahari huyu?"

Hezekia akachovya kidole, akaonja, uso ukamkunjamana. Maji hukauka, chumvi hubaki palepale. Bibi alikuwa akilikausha tumbawe kama samaki ng'onda! Alitamani anyamaze tu, life. Akamtazama Raheli, amelikumbatia sanduku kama mtoto mwenye homa. Akasema kweli.

Basi ikawa kazi. Wakachota maji kidogo kidogo, wakaweka ya mvua mahali pake. Wakaliondoa sanduku penye moshi wa jiko, wakaliweka dirishani. Jua likizama, Bibi alilifunga blanketi lake mwenyewe, yeye akalala anatetemeka. Na kila Hezekia alipotoka shule, pampu: tumbawe lipate hewa, na maji yacheze.

"Mwalimu, unahema kama unapanda mlima wa Soni!" Raheli akamtania.

"Shika wewe basi, tukuone!"

Akashika. Maji yakawarukia wote watatu, Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Hezekia alirudi kwake akiimba njia nzima, na mlangoni ndipo alipokumbuka anamfanyia nani kazi.

Ijumaa tumbawe likaamka limefunikwa utando mweupe kama nta.

"Limekufa!" Raheli akapiga ukelele.

Neno moja tu lilitakiwa. Hezekia akainama, akachungulia.

"Linajivua ngozi," akasema. "Lete pampu."

Wakapuliza. Utando ukapepea, ukachanika, ukatoka wote kama soksi. Chini yake uyoga ulikuwa mpya, na jua lilipoingia dirishani, vidole vidogo visivyo na idadi vikachomoza vikipunga. Bibi akapiga vigelegele, akazunguka chumba kwa ngoma ya kiuno. Raheli akamkumbatia mwalimu, akashtuka, akaruka nyuma.

Jumamosi washenga walifika, makoti yamepigwa pasi. Hezekia aliitwa naye, akakaa karibu na mlango ili atoke upesi. Bibi na Raheli wakaleta sanduku, wakalitua katikati.

"Shikamoo zenu nimeziitikia," alisema Bibi. "Sasa tazameni. Zima?"

"Zima, mama!" mshenga mkubwa akashangilia. "Limependeza kuliko lilivyoletwa! Kristofa atafurahi!"

"Mmeshuhudia wote? Na wewe baba yake Raheli, umeona?"

"Nimeona, mama," akajibu mwanawe, ameinamisha kichwa.

Bibi akalisukuma sanduku mpaka kwenye viatu vya mshenga.

"Basi mrudishieni mwenyewe. Katika ukoo wetu, zawadi ya posa ikitufia ndani, binti amekwenda, atake asitake. Ikirudi hai, binti amebaki."