Dakika za Treni ya Chini

Kwa sheria ya jiji letu, dakika ambazo treni ya chini ya ardhi inamwokolea mfanyakazi ni mali ya mwajiri wake. Ilipoanza, safari yangu ya saa mbili ikawa nusu saa, na zamu yangu ikaongezwa saa moja na nusu. Juu barabarani foleni ni ileile.

Jana nilifika nyumbani isha ikiadhiniwa. Mama alikuwa amefuturu peke yake tena, na uji wangu ameufunika kwa kawa.

"Mwanahawa mwanangu, hiyo treni yenu mnaisukuma?"

"Inakimbia, mama. Mimi ndiye ninayechelewa."

"Basi redioni wamesema wanachimba njia ya pili, yenye kasi zaidi. Ramadhani ijayo tutafuturu pamoja. Nitakupikia tambi zako za nazi."

Alikuwa akicheka, mkono wake ukinipapasa mgongo. Asubuhi ile msimamizi alikuwa ametusomea ratiba: njia hiyo itatuokolea dakika kumi na tano, na zamu itaongezwa dakika hizohizo.

"Inshallah, mama," nilisema, nikaomba uji mwingine ingawa nilikuwa nimeshiba.