Mshenga wa Awasi

Mwalimu Opondo aliisoma karatasi ya Sheryl akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, kisha akakataa kuitia alama.

"Hii ni ripoti ya chifu," alisema. "Mimi niliomba makala. Huyu mshenga wako anacheka namna gani? Akikasirika anafanya nini? Mtu simwoni hapa. Rudi Awasi."

"Mwalimu, si juzi tu nimetoka huko?"

"Basi wanakujua. Watakupa chai."

Darasa likaangua kicheko. Chuo chenyewe ni orofa moja juu ya duka la matairi mjini Kisumu, na kicheko kikianza humo hakina pa kutokea. Sheryl naye alicheka, lakini kidogo. Somo hili la makala alishalianguka mara moja. Akianguka tena, masomo kwisha; shangazi yake wa Milimani alikuwa ameshamtafutia kazi ya kukunja mashuka hotelini.

Na sharti la Opondo lilikuwa moja: msomaji amwone mshenga akiwa kazini, kwa maneno na kwa picha. Bila hiyo, hakuna kupita.

Akarudi Awasi, Ooko wa kamera, mwanafunzi mwenzake, akimfuata. Walimkuta Mama Selpha nyuma ya soko anachambua mboga ya osuga. Huyu ndiye ambaye watu wa huko humwita jagam, mshenga, mtu wa kubeba maneno kati ya mwanamume na mwanamke mpaka nyumba isimame. Nusu ya ndoa za barabara ya Kericho zimepita mkononi mwake. Aliposikia swali la mwalimu alicheka mpaka osuga ikamwagika.

"Mwambie nacheka hivyo. Na yeye je, hucheka, ama ni wale wa kununa?"

"Hucheka tukikosea."

"Basi mke wake ana kazi."

"Alifariki zamani, mama. Mwalimu anaishi na redio."

"Woi, pole yake." Akaokota mboga, kisha akamgeukia Ooko. "Na wewe kijana, kwenu ni wapi?"

"Sondu, mama."

"Unakula osuga? Basi kaa hapo karibu na huyu msichana, mchambue pamoja."

Ooko akamkonyeza Sheryl. Sheryl masikio yakamwaka moto.

Walipoaga, Mama Selpha aliwapa njugu za kukaanga ndani ya kopo. "Mpelekeeni mwalimu. Labda atalainika."

Mwalimu hakulainika. Njugu alikula, karatasi akabaki nayo, alama hakutoa. Kopo alilirudisha limejaa majani ya chai, kwa sababu, alisema, chombo cha watu hakirudi kitupu.

"Sasa namsikia akicheka," alimwambia Sheryl. "Lakini mwanamke aliyeoza watu wote hao, mbona mwenyewe hajaolewa? Msomaji lazima atauliza. Rudi."

Sheryl akarudi na lile kopo. Miguu yake sasa ilijua njia kuliko macho.

"Mganga hajigangi," alijibu Mama Selpha. "Nilikuwa natafutia wengine, miaka ikapita. Mwambie hivyo hivyo, usitie chumvi."

"Nitamwambia, mama. Lakini mimi nataka kuona kazi yenyewe. Nisipomwona jagam akiwa kazini, nimeanguka."

Mama Selpha akamtazama Sheryl. Akamtazama Ooko, ambaye alikuwa anachambua osuga bila kuambiwa. Akatabasamu.

"Njooni Jumamosi nyumbani kwa kaka yangu. Kuna watu wanakuja kukubaliana. Utamwona jagam mpaka uchoke. Na mwalimu naye mwambie siku na mahali. Vaa nguo ya heshima. Na huyu kijana anyoe."

Njiani Ooko alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kuku.

"Sheryl, sisi tunaozwa."

"Nyamaza."

"Mimi sikatai. Nauliza tu, chapati unajua?"

Sheryl akampiga kwa mkoba. Lakini Ijumaa aliazima gauni la Lornah, rafiki yake, akalivaa, akalivua, akalivaa tena, akicheka peke yake mbele ya kioo kama mwendawazimu.

Jumamosi boma lilikuwa limefagiliwa na viti vimepangwa pande mbili. Bibi kizee mmoja, Adongo, shangazi wa Mama Selpha, aliushika mkono wa Sheryl.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye mwenyewe," alisema Mama Selpha, akatokomea ndani ya nyumba.

Vigelegele vikapasuka. Wanawake wakamzunguka Sheryl wakimsifu: miguu isiyochoka, mdomo usiotia chumvi, mtoto wa watu mwenye adabu. Sheryl alicheka huku akilivutavuta gauni la Lornah. Ooko, kichwa kimenyolewa mpaka kinang'aa, alikuwa anatazama viatu vyake. Sheryl alijiuliza: wakiniuliza, nitasema ndiyo ama nitakimbia? Alishtuka kugundua kwamba hangekimbia. Kalamu alishaisahau kabisa.

"Wanaume wamefika," mtu akasema langoni.

Wazee wakaingia polepole, kofia mkononi. Katikati yao, ndani ya suti mpya na jasho puani, alikuwemo Mwalimu Opondo.

"Mwalimu, umekuja kunikagua?" Sheryl aliuliza.

Opondo hakumsikia. Macho yake yalikuwa mlangoni, ambapo Mama Selpha alikuwa anatoka taratibu, hereni masikioni, anaona haya kama msichana.

Bibi Adongo akavuta kiti kimoja, akakiweka peke yake katikati ya zile pande mbili, akakipangusa vumbi kwa leso.

"Kaa, mwanangu," alimwambia Sheryl. "Hapa ndipo anapokaa jagam."

Ooko akainua kamera, akamlenga.