Rota ya Mzee Kombo

Fundi Shebe aliigusisha plagi kwenye bodi ya injini, akamwambia Bi Saumu azungushe ufunguo wa gari la marehemu mumewe. Stata ikalia, injini ikazunguka, lakini plagi haikutoa hata cheche.

"Koili nimeipima, nzima. Umeme unapotelea njiani, mama."

"Mbona alfajiri huwa linawaka?" Bi Saumu alisema. "Nalisikia nikiwa kitandani."

Shebe akacheka kidogo. Mjane husikia mengi. Akafungua kofia ya distribyuta, na kicheko kikamwisha. Ndani hamkuwa na rota, kile kidude kinachozunguka na kugawa umeme kwa plagi. Bila hicho gari haliwaki, hata ulisukume mji mzima.

"Mzee alikuwa anaichomoa?"

"Kila jioni, kwa kuogopa wezi. Anaitia mfuko wa shati. Shati lake la kazi liko msumarini. Sijaligusa tangu tumzike."

Akaingia ndani, akarudi amelibeba kwa mikono miwili. Shebe akafungua kifungo cha mfuko, akaitoa rota. Papo hapo akaihamishia mkono wa pili, kisha akairudisha wa kwanza, kama mtu aliyeopoa kiazi kwenye makaa: ilikuwa na moto wa injini iliyozimwa sasa hivi.

Bi Saumu alikwenda getini, akaondoa komeo, akafungua pande zote mbili kama alivyokuwa akimfungulia mumewe kila alfajiri. Kisha akasogea pembeni, akapisha.