Tundu la Saba

Alhamisi, kwenye kibaraza cha wafuma vitambaa, habari ilikuwa moja: Shemsa amefariki, na kitambaa chake kimebaki nusu. Kwa desturi yao, kazi ya marehemu humaliziwa na aliyemfundisha. Bi Mwanakombo alikipokea kwa mikono iliyochoka. Huyu alikuwa mwanafunzi wake wa tatu kumzika.

Akahesabu matundu ili ajue pa kuanzia. Katika kila ua, tundu la saba lilikuwa limerukwa. Akachungulia vitambaa mapajani mwa wenzake: vyote vile vile, kama alivyowafundisha miaka yote bila kujua.

"Vipi, bibi, pana kosa?" jirani yake akauliza.

"Hapana, mwanangu. Ndivyo tunavyofuma."

Akashika kroshia, akafuma matundu sita, kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaliruka la saba akijua.