Dakika Hamsini za Addis Ababa

Waruguru alipita mbio mbele ya soko la Kariokor kwa mara ya tatu asubuhi ile, kiondo begani, amevaa magauni matatu na sweta mbili. Siku ya kwanza watu walidhani ameiba, na wauza viatu wawili wakamfukuza hadi wakachoka. Sasa walikuwa wamezoea. Walimpisha tu.

Mbele ya nyumba yake Shauri Moyo, Mzee Lusweti alimngoja akiwa na saa mkononi. Alikuwa gadi wa treni kwa miaka thelathini, na ingawa hajawahi kukanyaga ndani ya ndege, hakuona kama kuna tofauti kubwa.

"Dakika kumi na tisa," alisema. "Umesimama kuongea na mtu."

"Nimesalimiwa na mke wa pasta, Mzee. Ningempita vipi?"

"Huko hakuna mke wa pasta. Rudia."

Ukali huo ulikuwa na sababu. Chuo kimoja cha uuguzi huko Bombay kilikuwa kimemwekea Waruguru nafasi hadi Jumatatu adhuhuri, kisha kingempa mwingine. Alikuwa ameiomba miaka mitatu mfululizo. Barua ilipofika, imechelewa kama barua za heri zinavyopenda kuchelewa, ikabaki njia moja tu: ndege ya kwanza hadi Addis Ababa, halafu ya kampuni nyingine kabisa hadi Bombay. Katikati, dakika hamsini.

Magan, aliyemuuzia tiketi hizo, hakumficha kitu.

"Tiketi zako ni mbili, dada, na hazijuani," alimwambia. "Ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari. Itaondoka, na hakuna wa kumlilia."

Waruguru aliogopa hata chakula kikamshinda. Ndipo mama yake, Teresiah, alipompeleka kwa jirani aliyejua mambo ya safari, na Mzee Lusweti akaanza kumfunza siku hiyo hiyo. Mizigo alipiga marufuku, kwa kuwa anayengoja sanduku amejitakia mwenyewe. Nguo zote zivaliwe. Waruguru alipothubutu kusema kwamba haraka haraka haina baraka, mzee alimkata kauli. Aliyetunga methali hiyo, alisema, hakuwahi kubadilisha treni Nakuru.

"Chombo kikisimama, shuka," alimfundisha. "Hao wanaouliza tumefika wapi ndio huachwa. Na usisimame kwa mtu asiye na bendera. Kwenye reli, asiye na bendera hana amri."

Jumamosi, nusu ya mtaa ilimsindikiza uwanja wa ndege kwa basi la kukodi. Akina mama waliimba, pasta akaomba, kisha akaombwa na askari afupishe, naye akamwombea askari pia. Mzee Lusweti hakuimba wala kulia. Alimshika Waruguru mkono, akamwambia aketi karibu na mlango.

Aliketi karibu na mlango. Alifunga mkanda, akaikumbatia tiketi ya pili kifuani, akaapa hatafumba jicho. Lakini kwa siku mbili wageni wa kumuaga hawakuwa wamempa nafasi ya kulala, na injini hazijanguruma vizuri alikuwa ameshalala, mdomo wazi.

Kimya ndicho kilichomwamsha. Ndege ilikuwa imesimama, mlango uko wazi na ngazi imewekwa, na hewa ya baridi inaingia. Addis Ababa iko juu milimani, alikumbuka. Mhudumu alikuwa nyuma kabisa akigawa maji ya machungwa. Abiria wengine wote walikuwa wameketi wanasoma magazeti, na Waruguru aliwahurumia kwa moyo wote. Hawakuwa na mtu wa kuwafunza.

Alishuka ngazi kwa hatua nne. Aliwapita mafundi wawili walioinama chini ya bawa, akavuka lami, akaingia ndani. Mtu mwenye sare na kikombe cha chai alinyoosha mkono kumzuia. Hakuwa na bendera. Mwingine, nyuma ya meza yenye mihuri, alisimama akapiga kelele. Huyo naye hakuwa na bendera. Waruguru alikata kona, akasukuma mlango wa kwanza, akasukuma wa pili, akapenya katikati ya familia iliyokuwa ikikumbatiana, na akajikuta katika ukumbi mkubwa, jasho likimtiririka ndani ya magauni yote matatu.

Meza ya kampuni yake ya pili hakuiona. Alizunguka ukumbi mara tatu, akisoma kila kibao. Nje kulikuwa na mngurumo. Kupitia kioo aliiona ndege yenye mkia mwekundu, ile ile aliyoshuka, ikikimbia kwenye lami na kupaa, pamoja na wasoma magazeti wake. Nendeni salama, aliwaambia moyoni. Alitazama saa: tangu ashuke, dakika ishirini na mbili tu. Zilibaki ishirini na nane. Hajawahi kujivunia kitu namna ile maishani mwake.

Ilibaki kuuliza njia. Kwenye benchi, mwanamke mmoja aliyempa mgongo alikuwa amevua viatu, anajikanda miguu. Waruguru alimgusa bega kwa adabu.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza chake safi cha shule, "ndege ya kwenda Bombay inapandiwa wapi?"

Teresiah aligeuka, akamtazama kutoka utosini hadi viatuni.

"Haki, Waruguru," alisema, "kumbe na yenu imekataa kuwaka kama basi letu?"