Kamba ya Mafundo Matatu

Msumeno ulipofika katikati ya bomba, Fridolin aliusimamisha. Nusu ilitosha. Shingo ya usukani ingevumilia njia ya tambarare na mashimo yake, lakini isingevumilia mteremko wa mlima wa Mahenge, mtu akiwa amebana breki na mzigo uko nyuma.

Alipangusa unga wa chuma, akaziba ufa kwa nta, kisha akachukua unyoya wa kuku na kuzungushia mstari wa rangi ya dhahabu juu yake. Ulipendeza. Hilo ndilo lililomuuma. Katika miaka yake yote ya ufundi pale Ifakara hakuwahi kuunda baiskeli nzuri kama hii, na alikuwa amemuundia mtu aliyemchukia kuliko wote.

Mtu huyo alikuwa Mwalimu Dionisi, katekista, mzee mfupi, mpole, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi na aliyezoeleka barabarani na fimbo yake. Alifika karakana mwanzoni mwa kiangazi cha 1955.

"Shikamoo, Mwalimu," Fridolin alisema kwa shingo upande.

"Marahaba, fundi. Nataka baiskeli ya safari ndefu. Keria pana, taa ya dainamo. Isiwe na bomba la juu, nguo inasumbua. Na uweke wavu nyuma, isije ikanasa kwenye spoki."

Fridolin aliitazama kanzu yake nyeupe, akaelewa. "Ya kwenda wapi?"

"Ni ya njia ya Mahenge. Nataka itakayomfikisha mtu salama."

Mahenge! Huko ndiko alikokuwa Aurelia, mke wa Fridolin, kwa kaka yake, mwaka wa pili sasa. Aurelia alikuwa mkunga. Aliitwa kila pembe ya bonde, na Fridolin alichoka kuona mkewe akizunguka vijijini na kikapu chake. Siku ya ugomvi alimrushia maneno mpaka barabarani: "Nenda! Utarudi kwa miguu hiyo hiyo, unalia!" Aurelia alijitwika kikapu chake, akaenda. Tangu hapo Fridolin alijipikia uji asubuhi, akauacha upoe. Alimtaka mkewe arudi, alimtaka sana, ila kumfuata ndiko kulikomshinda.

Na wiki moja tu kabla ya hapo, Tekla, muuza samaki wa Kivukoni, alikuwa amemletea habari.

"Shemeji, mimi simo. Lakini nilipopeleka samaki wakavu Mahenge nilimkuta Mwalimu wenu barazani na Aurelia. Kila Jumamosi yuko huko. Wanaongea mpaka jua linageuka."

"Wanaongea nini?"

"Nikipita wananyamaza."

Basi Fridolin alikubali kazi, na tangu siku hiyo alijua atakavyoimaliza.

Alikuwa na utaratibu wake. Alimpima mteja kwa kamba ya katani, akapiga fundo la mguu, fundo la mkono na fundo la kiwiliwili, kisha akaiunda baiskeli kwa kuifuata kamba. Watu wa Chita na Mchombe walimtumia kamba tu, na baiskeli ikawakaa barabara. Mteja wa hapo Ifakara alimpima kwa mikono yake mwenyewe. Ila huyu hakutaka hata kumgusa. Alimrushia kamba.

"Kajipime mwenyewe, Mwalimu."

Dionisi aliiangalia ile kamba, akatabasamu kidogo, akaitia mfukoni.

Kila Jumatatu kamba ilirudi na fundo limesogea. Kiti kishuke inchi moja. Usukani usogee karibu. Fridolin alishusha, akasogeza, akakaza spoki mojamoja mpaka magurudumu yakazunguka bila kuyumba. Alipaka rangi ya kijani mara tatu. Kazi mbovu mikono yake haikuijua, hata kwa chuki. Ubaya wote aliuweka mahali pamoja, shingoni.

Ijumaa Dionisi alikuja kuichukua. Aliizunguka mara mbili, akaupapasa ule mstari wa dhahabu.

"Mungu akulipe, fundi. Kupanda itapanda kwa lori. Kuteremka ndiyo itateremka yenyewe."

Fridolin hakula siku hiyo, wala kesho yake. Jumapili alikwenda misa, lakini wenzake walipokwenda kukomunika yeye alibaki kwenye benchi, ameinamisha kichwa. Alijuta. Angeweza kumfuata mtu yule, lakini lori lilikuwa limekwishaondoka, na mguu wake ulikuwa mzito.

Jumatatu, umande haujakauka, Dionisi aliingia karakana kwa miguu, mzima, na kambale wawili wameninginia kwenye kidole.

Fridolin alimshukuru Mungu kwa sauti. "Mwalimu! Baiskeli iko wapi? Usiipande! Shingo ina kasoro, irudishe niibadilishe, nitaibadilisha leo hii!"

"Mimi?" Dionisi alicheka. "Mimi hata kuendesha sijui, fundi."

Aliwaweka samaki mezani, juu ya ile kamba ya katani.

"Nimerudi jana na lori, nimetangulia ili ufagie uwanja na kupika. Miezi mitatu nambembeleza! Alinikataza nisikwambie kitu. Aliapa kwamba kwako atarudi, ila kwa miguu harudi, na kaka yake amemfundisha mpaka ameiva. Ameondoka alfajiri. Saa hizi anauanza mteremko."