Chai Katikati ya Mpunga

Bomba la dawa lilikuwa mgongoni, limejaa, na mkono wangu uko tayari kwenye mpini, jua lilipochomoza na kulimulika shamba zima.

Utando! Kila shina la mpunga lilikuwa limefungwa kwa jirani yake, na kila uzi umejaa umande. Kumbe nilifika katikati nikiukata kwa uso, maana niliingia bado kiza.

Nikainama. Buibui mdogo kama punje alikuwa akikiviringishia uzi kidudu cha kijani, kimoja wa vidudu vile vile vinavyonyonya mpunga wangu, vilivyonipeleka dukani kununua dawa. Pembeni yake vingine kumi na kimoja vilikuwa vinaning'inia, vimeshafungwa.

Nikacheka peke yangu.

"Mama Nasma!" mume wangu aliita kutoka kwenye dungu tunalolindia ndege. "Bomba limeziba?"

"Bomba zima. Sipigi dawa tena! Niletee chai huku, ila usikate hata uzi mmoja!"

Aliutazama utando, kisha akajitazama. Kwa urefu wake, huyu huinama kwenye kila mlango wa Ifakara.

Akapiga magoti topeni, akaikumbatia chupa ya chai, akakiuma kikombe kwa meno, na kuanza kutambaa chini ya nyuzi.